Irabu ya Mwisho ya Utando

Jumatano, tarehe thelathini na moja ya Juni, saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi. Manyunyu, upepo hakuna, unyevu wa hewa, sehemu themanini na nane katika mia.

Ndivyo nilivyoandika kichwani mwa ukurasa, kwa wino mweusi, kwa mwandiko ule ule niliofundishwa shuleni kwa rula na kwa fimbo. Sikushangaa kwamba Juni ilikuwa na siku ya thelathini na moja. Katika Mji huu siku haiishi mpaka aliyeianzisha aifunge kwa neno lake mwenyewe, na zile zisizofungwa hurundikwa mwishoni mwa mwezi, kama wanafunzi waliochelewa wanavyosimamishwa nyuma ya mstari. Nami nilijua hii ilikuwa siku ya nani. Chini ya dirisha la maabara yangu, katika uwanja wa changarawe, wavulana mia tatu na kumi na wawili wenye kaptura za kaki walikuwa wamesimama paredi, mikono mgongoni, manyunyu yakiwalowesha vichwa. Wamesimama hapo tangu asubuhi moja ambayo mimi, kaka mkuu wa shule, nilisoma tangazo mbele yao kisha nikaondoka bila kutamka neno la kuwatawanya. Hawajazeeka. Mimi ndiye niliyezeeka kwa niaba yao.

Kazi yangu ni tando. Katika Nyumba hii tunatengeneza ngozi ya oksidi ya shaba, nyeusi, nyembamba kiasi kwamba elfu mbili zikibebanishwa hazifikii unene wa unywele mmoja. Ukiipoza kwa naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, umeme hupita ndani yake bila ukinzani wowote. Mshale wa mita huanguka kwenye sifuri na kulala hapo kama mtu aliyekata shauri. Lakini ngozi hiyo haijizai. Hukuzwa juu ya kipande cha fuwele tunachokiita kitanda, ndani ya chumba cha chuma kilichofyonzwa hewa yote isipokuwa oksijeni kidogo tunayoipimia, ambamo mwale mkali huipiga tembe ya oksidi mpaka tembe itoe moshi. Moshi hutua kitandani, na kila chembe huitazama chembe iliyo chini yake na kujipanga kama ilivyojipanga ile, mstari kwa mstari, bega kwa bega. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nilifika shuleni nikiwa moshi wa nyumba ya mama yangu. Nikatoka nikiwa na pembe nne zilizonyooka. Sijawahi kuona sababu ya kuomba radhi kwa ajili ya pembe hizo.

Mamlaka, inayotupa mkate na kuta, haikitaki kitanda. Inautaka utando peke yake, uliobanduliwa mzima, unaoweza kutandikwa juu ya kitu chochote, hata juu ya tundu, pasipo na kitu chini yake. Kwa hiyo kati ya kitanda na utando huwa tunakuza tabaka la tatu, la oksidi ya jamii ya chumvichumvi, linaloupokea mpangilio wa kitanda na kuukabidhi kwa utando bila kukosea hata safu moja. Kisha tunatumbukiza vyote majini. Tabaka la kati linayeyuka, utando unaelea. Katika vitabu vyetu tabaka hilo huitwa kafara. Halipewi namba. Hatulipimi baada ya kazi, maana baada ya kazi halipo.

Swali langu, nililolibeba miaka mingi hata limenipinda bega. Kisicho na ukinzani: kiko huru, au kimetawaliwa hadi mwisho? Kilichobanduliwa kitandani, nacho bado kimepangwa kwa mistari ya kitanda: kimebanduliwa kweli? Na aliyeyeyuka. Nani humwuliza aliyeyeyuka?

Tando arobaini zilikuwa zimepasuka mikononi mwangu. Zilipasuka bila kelele, kila moja kwa namna ile ile, ufa ukianzia karibu na katikati na kukimbilia pembeni. Mbinu ilikuwa sahihi. Niliijua tangu ujana wangu. Mikono haikutetemeka. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauugusi, ule wa mtu aliyetii kila kanuni na bado hajapewa alichoahidiwa. Na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mkaguzi wa Mamlaka, Bi Siwema, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mizani, fomu ikiwa gotini. Alinieleza masharti kwa upole wa mtu aliyekwisha kuyaeleza kwa wengi. Utando wa arobaini na moja ukipasuka, chumba cha chuma kitazimwa na Nyumba itafungwa. Ukitoka mzima na kuushusha mshale hadi sifuri, nitatia saini sehemu mbili: ya kwanza kwamba mbinu ni yangu, ya pili kwamba tabia yangu haina doa, nami nitakuwa Mlezi wa Nyumba maisha yangu yote. Aliitazama fremu iliyokuwa ukutani nyuma yangu, yenye cheti changu cha tabia njema kutoka shuleni, na akasema kwamba hiyo sehemu ya pili haitatusumbua.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

"Hodi humu. Nimeleta utandu."

Aliyeingia alikuwa mpishi. Alivaa aproni iliyofuliwa hadi ikapoteza rangi, na alibeba sufuria kubwa iliyofunikwa kwa sinia. Bi Siwema alivaa miwani. Aliuliza ameleta nini, na mpishi akarudia, akaitoa barua mfukoni na kumkabidhi kwa mikono miwili. Bi Siwema aliisoma kwa sauti, neno kwa neno: utandu mmoja, mzima, usio na ufa, utayarishwe kwa ukaguzi wa Jumatano na ufikishwe maabara kabla ya saa nne. Chini yake, saini yangu.

Niliandika barua ile kwenda chumba cha chuma. Karani aliipiga chapa, akaweka *u* mahali pa *o*, nami nikatia saini bila kuisoma. Tarishi, ambaye siku ile alijua kusoma kunishinda, alikwenda nayo moja kwa moja jikoni. Mimi, niliyewahi kumpigisha magoti kwenye changarawe njuka, mwanafunzi mgeni wa miaka kumi na mitatu, kwa kuandika *salam* bila *u*, nilikuwa nimeagiza ukoko wa wali kwa muhuri wa Mamlaka.

Bi Siwema hakucheka mara moja. Aliutafuta kwanza uso wangu, kisha akacheka kwa haki, kama mtu anayelipwa likizo. Aliniuliza kama Nyumba nzima huwa inajengwa kwa wali au ni sehemu hii tu.

"Barua imesema mzima, usio na ufa," mpishi alimwambia. "Nikajua, Bi Mkubwa, huko juu kuna mtu aliyekula bweni."

Akaondoa sinia. Ndani ya sufuria, duara kamili la utandu, la rangi ya dhahabu iliyoungua kidogo, lilielea juu ya tabaka jembamba la maji kama mwezi uliosahauliwa ndani ya beseni. Halikuwa na ufa hata mmoja. Nilifahamu duniani mtu mmoja tu aliyeweza kufanya hivyo. Naye akanigeukia kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, Kaka Mkuu."

"Marahaba," nikasema, kwa mazoea, kabla sijakumbuka kwamba tulizaliwa mwaka mmoja.

Alikuwa Kitwana Mlekwa. Uso wake ulikuwa ule wa miaka kumi na minane, laini, wenye kidevu kisichojua wembe. Mikono yake ilikuwa ya mzee, yenye vidole vilivyovimba kwa maji ya moto. Katika Mji huu watu wengi huvaa umri wao vipandevipande, nami sikushtushwa na hilo. Kilichonishtua ni kwamba alikuwa ananuka sukari iliyoungua.

Niseme mambo kama yalivyokuwa. Shuleni kwetu utandu ulikuwa fedha, cheo na faraja. Ulikwanguliwa kwa mwiko, ukatoka makombo, na makombo yakapiganiwa. Kitwana ndiye aliyegundua kwamba ukitandaza sukari chini ya sufuria kabla ya kutia mchele, sukari huungua na kushika chuma, na wali huushika ule mshiko wa sukari badala ya chuma. Ukishapakua wali wa juu, ukaupaka utandu samli, ukatia maji ya moto pembeni taratibu, sukari huyeyuka na utandu huinuka mzima kama mkeka. Sukari ilikuwa ya chai ya mwalimu mkuu, stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Kila Jumamosi nilifungua stoo. Kila Jumamosi nilikula nusu ya duara. Siku hesabu ya sukari ilipokataa, Kitwana aliitwa ofisini, akaulizwa nani alimfungulia. Alijibu kwamba aliukuta mlango wazi. Alirudia jibu hilo kwa kila kiboko, na viboko vilikuwa kumi na viwili. Mimi nilisimama kando, nikiwa nimeshika daftari la adhabu, nikivihesabu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Sikusema uongo. Nimelikumbatia neno hilo maisha yangu yote kama mtu anayekumbatia nguzo kwenye mafuriko: sikusema uongo, sikuulizwa. Asubuhi iliyofuata, ikiwa imebaki miezi mitatu tufanye mtihani wa mwisho, nilisimama mbele ya paredi na kusoma tangazo la kumfukuza.

Na miaka baadaye, nilipopewa chumba cha chuma na kuambiwa niubandue utando kutoka kitandani, sikuvumbua kitu. Nilikumbuka sukari.

Nilimwambia Kitwana kwamba kumetokea kosa la chapa na kwamba anaweza kurudi jikoni. Bi Siwema alisema abaki. Mzigo umeagizwa kwa barua ya Mamlaka, utakaguliwa na Mamlaka, na zaidi ya hayo yeye hajanywa chai. Basi nilifanya kazi yangu mbele yao wote wawili. Nilichukua kipande cha kitanda chenye utando wa arobaini na moja mgongoni, kilichokwisha kukuzwa bila kuingoja barua ile, kilichofunikwa juu kwa ngozi laini ya plastiki ili usijikunje, nikakizamisha katika bakuli la kioo. Maji yalianza kuilamba kafara kutoka pembeni. Dakika zilipita. Ukingo wa utando uliinuka, ukapepea chini ya maji kama kope ya mtu aliye karibu kuamka. Nikashika kibano.

"Unakwenda wapi?" Kitwana aliuliza.

Nilimweleza kwa kifupi, kama anavyoelezwa mpishi, kwamba oksidi hii hudhuriwa na maji, kila dakika ya ziada huila, na ukingo ukishaelea hakuna sababu ya kungoja.

Alisogea, akainama juu ya bakuli. "Ukingo ndio huachia mwanzo. Sukari ya katikati huyeyuka mwisho. Wewe unavuta wakati katikati bado pameshikwa, kisha unashangaa umepata ufa." Hakuinua sauti. "Ulikuwa ukifika bwaloni, utandu umeshatoka, uko kwenye sinia. Ulijua kuula, Kaka Mkuu. Hujawahi kuungoja."

Nilimwambia pembeni pataharibika.

"Pataharibika. Yaachie maji pembe zake."

Sijawahi kupewa amri ngumu kuliko hiyo. Nilikaa, kibano mkononi, nikizitazama pembe nne, zile nilizojivunia, zikififia rangi, zikichakaa, zikiwa kijivu. Sikujua tulikaa kiasi gani. Mara bakuli lilikuwa bakuli, mara lilikuwa sufuria ya bwaloni, na kwenye kioo cha maji uso uliokuwa ukinitazama ulikuwa wa mvulana mwenye ufunguo shingoni, aliyekuwa na njaa, mwenye njaa ya kawaida kabisa, ambaye hakuna kanuni iliyokuwa imemfundisha aseme hivyo. Nikafikiri: arobaini hazikupasuka kwa sababu ya maji. Zilipasuka kwa sababu nilimhesabu aliyeyeyuka kuwa amekwisha yeyuka, hali bado alikuwa ameshikilia, chini, katikati, mahali ambapo jicho halifiki.

Kisha utando ukaachia wenyewe. Hakuna aliyeugusa. Ulipanda juu ya maji na kutulia.

Niliuchota kwa bamba la shaba lenye tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, nikauacha ukauke, nikaondoa plastiki, nikaubana kwa nyaya nne. Juu ya tundu utando ulisimama peke yake, bila kitanda. Niliuteremsha katika baridi. Bi Siwema alisimama nyuma yangu, na mshale wa mita ukaanza kushuka, ukasita, ukaanguka kwenye sifuri. Ukalala. Hakuna aliyepiga makofi. Kitwana alisema tu kwamba umetoka vizuri, kama ambavyo angesema kwa wali wowote.

Bi Siwema aliweka fomu mbele yangu na kalamu juu yake. Niliishika kalamu. Katika sehemu ya kwanza nikaanza kuandika jina la Kitwana, naye Bi Siwema akaniwekea kidole kwenye karatasi. Alinieleza kwamba asiye na cheti cha kumaliza shule haandikwi kwenye fomu ya Mamlaka. Mstari utahesabiwa mtupu, na mstari mtupu hujazwa na jina la aliyetoa fomu. Aliyasema bila ubaya. Nikamtazama Kitwana, na nakiri kwamba nilihisi unafuu wa aibu, unafuu wa mtu aliyetaka kulipa akakuta duka limefungwa.

"Karatasi hiyo siitaki," Kitwana alisema. "Mimi nilisomewa tangazo. Nataka lisomwe jingine. Kwa sauti ile ile, kwa watu wale wale."

Alielekeza kidevu dirishani. Katika mstari wa tatu kutoka mbele, mtu wa saba, palikuwa na pengo. Nilikuwa nimeliona pengo hilo kila siku. Wenzake hawakulifunga, walisimama kushoto na kulia kwake kama wanaolinda kiti.

Bi Siwema alivua miwani. "Bwana Mtaalamu, kabla hujafungua mdomo, ujue mimi ni sikio la Mamlaka. Nikisikia doa, nimeliandika."

Nilielewa alichonipa. Alinipa nafasi ya kunyamaza kwa mara ya pili, na safari hii kwa heshima. Kufumba mdomo kungenigharimu nini? Mpishi angerudi jikoni. Utando ungebaki mzima. Nyumba ingebaki wazi, na mimi ndani yake, Mlezi, hadi mwisho wa pumzi.

Asubuhi ile ya tangazo amri ilitoka ofisini, ikaingia sikioni mwangu, ikatoka mdomoni mwangu, na njiani haikupoteza chochote. Haikupata joto. Haikukwama popote. Mwalimu mkuu alinisifu kwa sauti yangu thabiti. Nilikuwa kile Mamlaka inachokitafuta katika kila chumba cha chuma cha Mji huu: kitu ambamo nguvu hupita yote bila kuzuiwa. Nimeuita uadilifu. Nimeuvalisha suti. Lakini tazama utando ule kwenye baridi: haukuchagua kutozuia. Umepangwa hivyo. Chembe moja ikikataa kusimama kwenye mstari, joto huzaliwa hapo, na joto ni dalili kwamba kuna mtu.

Nilichoka. Hiyo ndiyo kweli, wala sitaipamba. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka kuwa njia.

Nilifungua dirisha. Manyunyu yaliingia na kulowesha daftari. Wavulana mia tatu na kumi na wawili waliinua nyuso kwa pamoja. Nilifunga kifungo cha juu cha shati, nikaweka mikono mgongoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile. Nilipoisikia nilijua kwamba ilikuwa imeningoja mahali fulani, haijazeeka.

"Tangazo. Mwanafunzi Kitwana Mlekwa, wa bweni la pili, alifukuzwa shule kwa kosa la kuvunja stoo. Stoo haikuvunjwa. Ilifunguliwa kwa ufunguo. Ufunguo ulikuwa wangu, niliufungua mlango kwa mkono wangu kila Jumamosi, na nilikula nusu. Alichapwa viboko kumi na viwili asinitaje, nami nilivihesabu. Na mbinu ninayosifiwa nayo katika Nyumba hii ni yake. Mimi, kaka mkuu."

Kalamu ya Bi Siwema ilikuwa ikiandika.

Nilikuwa sijamaliza. Kila paredi ina orodha, na katika orodha nililikata jina moja kwa rula. Nikaliita. "Kitwana Mlekwa."

"Nipo," alisema Kitwana nyuma yangu. Na pale chini, katika mstari wa tatu, mtu wa saba, sauti hiyo hiyo ikasema nipo, na pengo halikuwapo tena.

"Tawanyikeni," nikasema.

Changarawe ililia yote kwa pamoja. Walikimbia, wakasukumana, mmoja akapoteza kiatu na kucheka, wakaelekea upande wa bwalo wakipiga kelele ambazo kaka mkuu angezikemea, na sikuzikemea. Uwanja ukabaki na nyayo zao. Manyunyu yalikuwa yakikatika.

Bi Siwema alikunja fomu. Alisema kwamba Nyumba itabaki wazi kwa kuwa utando ni mzima, lakini haitakuwa na mimi. Nikabidhi funguo kabla ya jioni. Aliishusha ile fremu ukutani mwenyewe, akatoa cheti na kukitia katika bahasha, akaniachia kioo. Mlangoni aligeuka, akakata kipande kidogo cha utandu kutoka kwenye sufuria, akakionja, akasema hapo barua haikukosea. Kisha akaenda na utando wa arobaini na moja chini ya kwapa, ndani ya kisanduku chake.

Kitwana aliumega utandu uliobaki. Hakuumega sawasawa, aliangalia vipande viwili, akanipa kikubwa.

"Basi, Burhani," alisema. "Yameisha."

Hakuna aliyekuwa ameniita kwa jina langu tangu nilipovishwa ufunguo. Nilikula nikiwa nimesimama. Ulikuwa umepoa, na sehemu ya chini ilikuwa bado na maji na utamu. Alipokwisha kuondoka na sufuria yake, nilirudi kwenye daftari lililolowa, nikaandika chini ya ukurasa, kwa mwandiko niliofundishwa:

Saa sita kasoro dakika nne. Mvua imekatika. Deni la Kitwana Mlekwa nimelilipa, naye amelipokea. Siku imefungwa.